Kitabu cha Damu Nilichokianika

Siku niliyotoboa kidole changu mwenyewe nikaona nina damu ya mia kwa mia, ndiyo siku niliyojua kwamba kuna kitu kimeharibika.

Nilikuwa nimetoka kitandani baada ya homa ya siku sita. Miguu yangu ilikuwa kama ya kuazima. Kutoka chumbani kwangu hadi mlango wa dispansari ya Baraka, mji wetu wa ziwani, si mbali, lakini asubuhi ile nilisimama njiani mara mbili nikishika ukuta, na mara ya pili ziwa lote lilinizunguka kichwani. Nilijiambia: huna damu, homa imeila, jipime. Nikatoboa kidole, nikadondosha tone juu ya karatasi, nikalinganisha na kitabu. Mia. Kwa kitabu kile, hapakuwa na mtu mwenye damu nzuri kunizidi mimi ufukoni kote.

Lazima nieleze kitabu hicho, kwa sababu yote yanatoka humo. Kilikuwa kijitabu chembamba, kirefu kama kiganja. Mbele kilikuwa na karatasi nyeupe za kunyonya, za kuchana moja moja. Nyuma kulikuwa na ukurasa mgumu wenye miraba kumi ya rangi nyekundu, kuanzia nyekundu iliyofifia kabisa hadi nyekundu nzito, kila mraba na tundu katikati na namba kando yake: kumi, ishirini, mpaka mia. Unatoboa kidole cha mama mjamzito, unaweka tone kwenye karatasi, unangoja liache kung'aa, kisha unalipitisha chini ya matundu mpaka rangi yake ifanane na ya mraba mmojawapo. Namba hiyo ndiyo damu yake. Chini ya sabini, unampa vidonge vya chuma. Chini ya hamsini, unamwita daktari wa hospitali ya Fizi. Akina mama walikiita kitabu cha damu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipohitimu shule ya wakunga wasaidizi. Nilifundishwa mambo mengi kwa Kifaransa, na kila moja niliendelea kuliogopa kwa Kiswahili. Tuliambiwa kwamba mama asiye na damu humzaa mtoto asiye na akiba: hutoka mdogo, viganja vyeupe, mvivu wa kunyonya. Na mama mwenyewe, damu kidogo ambayo mwenzake angeipoteza na kuamka kesho yake akipika, yeye inaweza kumuua. Niliyaandika hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari mara mbili, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikichemsha sindano nachemsha tena, kwa kuwa sina hakika kama maji yalitokota au niliyatamani tu yatokote. Mkuu wa dispansari, mwuguzi wa kiume aliyekaribia kustaafu, alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, na alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake kama mtu anayetazama kuku anayezunguka uani.

"Mamzele," aliniambia wiki ya kwanza, kwa neno la Kifaransa ambalo huku msichana asiyeolewa huitwa, "ukichemsha hizo sindano mara ya tatu zitatoa mchuzi."

Akina mama nao hawakunihurumia.

"Mamzele, we umezaa bangapi?"

"Bado, mama."

"Bado! Na unatufundisha njia yenye hujapita?"

Walicheka, wakashikana mabega, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye kabati. Namba za kitabu ndizo zilizoniokoa. Mama hawezi kubishana na namba, na mimi pia sikuweza. Nilipokuwa na namba mkononi sikuhitaji kuwa nimezaa.

Sasa, kabati hilo lilikuwa linaelekea ziwani, na masika yale unyevu uliingia kila mahali. Chumvi ililowa, bandeji zilinuka, na siku moja nikakuta nukta nyeusi za ukungu kwenye karatasi za kitabu. Nilishtuka. Karatasi ikiwa na unyevu, tone litasambaa, likisambaa litafifia, likififia nitasoma namba ya chini kuliko ya kweli na kumtisha mama wa watu bure. Nililifikiria hilo jioni nzima. Kesho yake mvua ilipoacha, nikakichukua kitabu, nikakifungua chote, nikakiweka juu ya ukuta mfupi wa baraza, juani, na kubana ukurasa wa rangi kwa kibano kirefu cha chuma, ambacho sikukitoa tena, ili upepo wa ziwa usiufunge. Ikawa kazi ya kila asubuhi. Huku kwetu kila kitu huanikwa: ndakala, wale dagaa wetu, kwenye mchanga, mihogo juu ya mwamba, godoro, mikeka, pamba. Nilikianika kama wengine wanavyoanika vyao, nikajisifu kwa uangalifu wangu.

Katika miezi hiyo alikuja mwanamke wa Lweba, kijiji cha ufukoni ng'ambo ya rasi.

Alikuwa wa umri wangu, na hilo lilinisumbua tangu siku ya kwanza; nilimwona kama mimi niliyepita njia nyingine. Alikuja siku za soko, kikapu cha ndakala kichwani, na kabla ya kwenda kuuza alipita kwangu kwanza. Mwaka uliotangulia alikuwa amezaa nyumbani mtoto wa kiume. Mtoto huyo, kwa maneno yake, alikuwa mdogo mpaka wakaogopa kumfunga nguo. Hakuwa na nguvu ya kunyonya. Aliishi majuma matatu. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na hakuwahi kuniuliza kitu kuhusu afya yake. Aliniuliza jambo moja tu, akishika tumbo kwa mikono miwili.

"Huyu atakuwa mukubwa?"

Mara ya kwanza nilimsoma kati ya hamsini na sitini. Nikampa vidonge vya chuma. Nikamwambia ale sombe, majani ya mihogo, kwa wingi, ale samaki, akipata ini ale ini.

"Ini ni ya banaume, mamzele. Kwa mama mukwe mwanamuke hali hata kuku."

"Na ndakala?"

"Ndakala nakula. Ndakala hazina mwenyewe."

Alivimeza vidonge kwa bidii. Aliporudi alinivuta pembeni, akaniambia kwa aibu kwamba sasa chooni anatoa kitu cheusi kama makaa. Nikamweleza kwamba ni chuma kilichobaki, asiogope. Akacheka. Mama mkwe wake alikuwa ameuliza ni dawa gani hii inayomgeuza mtu kuwa jiko.

Namba yake ikapanda. Sitini. Sabini. Wiki nyingine themanini. Nilikuwa nikimsubiri siku za soko kama ninasubiri barua. Na si yeye peke yake. Wote walipanda, hata wale niliojua kwamba vidonge wanavitupa. Niliandika kwenye taarifa yangu kwa daktari kwamba damu za akina mama wa Baraka zinaongezeka. Mkuu alisoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Ni samaki," akasema.

Siku aliyofikia tisini alifungua ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, akatoa jani la mgomba lililokunjwa. Ndani yake vilikuwa vidonge vilivyobaki.

"Mi nimeshiba damu, mamzele. Hizi uwape bengine, benye hawana."

Kisha akauliza, kama mtu anayeomba kitu kidogo, kama anaweza kuzalia nyumbani. Mama mkwe wake alitaka hivyo.

Niliangalia kitabu. Tisini. Sikumwangalia yeye. Tulifundishwa pia kuvuta kope chini na kutazama ndani yake kama ni nyekundu au nyeupe, lakini kope hazina namba, na mimi nilipenda namba.

"Unaweza," nikasema.

Vile vidonge sikuvirudisha kwenye chupa, kwa sababu vilikuwa vimeshikwa na mikono na kukaa kwenye jani. Kuvitupa pia sikuweza. Nikaviweka kwenye droo yangu, katika jani lake.

Basi turudi kwenye asubuhi ile ya kidole changu. Nilichukua kioo, nikavuta kope yangu chini. Nyeupe. Nikatazama karatasi: mia. Nikatazama kioo tena. Mmoja wao alikuwa mwongo, na kioo hakina sababu ya kudanganya. Nikakichukua kitabu na kukikunja na kukikunjua, nikitafuta kosa bila kujua ni la namna gani, na kibano kikatoka.

Chini ya kibano, palipokuwa hapaoni jua, kulikuwa na mstari wa nyekundu nyingine kabisa. Ulikata miraba yote kumi, mzito, mbichi, kama ngozi iliyo chini ya pete ya mtu aliyeivua baada ya miaka. Miraba mingine yote ilikuwa imepauka. Mraba wa tisini ulikuwa umefifia ukawa kama wa hamsini ulivyokuwa mpya. Kwa hiyo damu ya hamsini ilipopita chini yake ilifanana nao, nami nikasoma tisini na kutabasamu. Hakuna damu iliyopanda Baraka. Rangi ndiyo iliyokuwa inashuka, asubuhi baada ya asubuhi, kwa mikono yangu.

Nilimpelekea mkuu. Alikigeuza kitabu, akakileta karibu na pua.

"Hii kitabu ulikuwa unaiweka wapi?"

"Juani. Ili isioze."

Alifungua kinywa kucheka, kisha hakucheka. "Tangu lini?"

"Tangu masika ianze."

Akaketi. Sikumpa nafasi ya kufikiri. Nilikuwa tayari na daftari la majina mkononi na kichwa changu kilikuwa mbele ya mdomo. Wale wa Baraka tungewaita tena, hata leo. Kulikuwa na mmoja wa Bibokoboko aliyekwisha kurudi mlimani kwao kwenye ng'ombe. Na kulikuwa na yule wa Lweba. Mwezi wake wa kuzaa ulikuwa huu.

"Daktari atakuja na gari baada ya siku tatu," alisema mkuu. "Ngoja gari."

"Na kama anazaa kesho?"

"Na kama hazai kesho?"

"Na kama amekwisha kuanza? Na kama mvua inakata barabara, gari lisifike? Na kama wanangoja mpaka..."

"Mamzele, kichwa chako hakina mlango." Alisema hivyo, lakini alikuwa bado anautazama ule mstari mwekundu. Akainuka. "Nenda. Na uvae kitu kichwani, una homa bado."

Alinitafutia mvuvi aliyekuwa anarudi upande wa Lweba na mtumbwi. Ningalipenda kwenda kwa miguu. Mtu anayetembea angalau anafanya kitu. Ndani ya mtumbwi nilikaa nimeshika kingo mbili huku mtu mwingine akinipigia kasia kwa mwendo wake, bila haraka, na milima ya pwani ikikataa kusogea. Nikaanza kutunga maneno. La kwanza: daktari ameagiza. La pili: ni sheria ya Serikali. Hilo lilikuwa zuri, kwa sababu miaka hii mtu akisikia neno Serikali huinuka kwanza, akauliza baadaye. Nilirudia yote mawili mpaka yakawa laini. La tatu lilikuwa ukweli, na hilo sikulitunga, kwa kuwa nilipojaribu sikuona linaanzia wapi. Wakisikia kwamba kitabu kilidanganya, nani atanipa kidole chake tena? Watakimbia dispansari, watazaa gizani, na watoto wao wadogo pia watakuwa juu yangu. Nilifika mbali sana na mawazo hayo, na mtumbwi ulikuwa bado hata haujapita rasi.

Tulifika jua likiwa utosini. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa kwenye mchanga, ameinama juu ya ndakala zilizotandazwa, anazigeuza kwa ufagio mdogo. Kila baada ya hatua mbili tatu alisimama, akaweka mkono kiunoni na kuvuta pumzi kwa mdomo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Siku ile aliponipa vidonge ilikuwa na rangi gani? Sikukumbuka. Nilikuwa naangalia karatasi.

"Mamzele! Umekuja kula ndakala?" aliita, akitabasamu.

Mama mkwe wake alikuwa kivulini mwa nyumba, anatwanga sombe. Mwanamke mrefu, mkavu, ambaye mchi wake ulisimama hewani nilipomsalimu.

"Salama. Nani anagonjwa?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kwa sababu daktari amesema mkwe wako azalie Baraka."

"Daktari alimuona wapi?"

Nikainama kujifuta mchanga miguuni.

"Nakuuliza. Ule muzungu wa Fizi, alimuona wapi muke wa mutoto yangu? Huyu hajatoka hapa."

"Ni sheria, mama. Ya Serikali."

"Sheria ya lini? Si we mwenyewe ulisema azalie hapa? Alirudi akicheka, anasema, 'Mama, damu imejaa mupaka hapa.'" Aliweka kiganja shingoni. "Leo hii damu imeenda wapi?" Akaushusha mchi ndani ya kinu, taratibu, na sauti yake ikashuka pia. "Nani ameikunywa?"

Hakuwa anatania. Majirani wawili waliokuwa wanasuka nywele uani mwa pili waliacha kusuka. Katika nyumba iliyozika mtoto mchanga, swali kama hilo halikai hewani muda mrefu. Linatafuta mtu wa kumkalia. Nilimwona mama mkwe akitazama upande wa majirani, nao wakitazama miguu yao, na maneno yangu mawili laini yakanikaukia.

"Hakuna aliyeinywa," nikasema. "Haikuwa imejaa. Mimi ndiye niliyekosea. Kile kitabu cha rangi nilikianika juani."

Nilisikia ndakala zikikwaruzwa na ufagio, kisha ufagio nao ukaacha.

"Uliianika," alisema mama mkwe. "Uso juu?"

"Uso juu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Rangi zikafifia. Kwa hiyo nilipolinganisha damu yake..."

"Ngoja." Alinyanyua mkono, akageukia majirani. "Njooni musikie masomo ya bazungu!"

Akaenda kwenye kamba ya nguo, akakishika kikwembe kimoja na kunifunulia. Kilikuwa kimegeuzwa ndani nje. Na cha pili. Na blauzi ya mkwe wake. Kamba nzima ilikuwa imeanikwa mgongo juu.

"Nani hajui?" alisema. "Hata mutoto wa jana anajua! Nguo ya rangi unaigeuza. Jua inakula rangi. Mama yako hakukufundisha?"

Mama yangu alinifundisha. Nimekuwa nikigeuza nguo zangu tangu nilipokuwa na miaka saba. Asubuhi zile zile nilizokiweka kitabu ukutani uso juu, nguo zangu zilikuwa kwenye kamba nyuma ya dispansari, ndani nje, zote. Majirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwanamke wa Lweba mwenyewe alicheka, mkono chini ya tumbo. Nami nikaanza kucheka nao, kisha nikaona ninalia.

Mama mkwe ndiye aliyeacha kwanza.

"Basi kama rangi ilikufa," alisema, "damu yake iko ngapi?"

"Sijui."

Sidhani kama niliwahi kumwambia mama yeyote neno hilo kabla ya siku hiyo. Nikamwonyesha jinsi ya kuvuta kope. Akamvuta mkwe wake kope chini kwa kidole gumba, akatazama kwa muda. Kisha, bila kuniuliza, akanishika kidevu akanivuta yangu. "We pia! Nyeupe!" Akainama ili nimtazame yake, na ilikuwa nyekundu kama ndani ya pilipili. Tulisimama juani wanawake watatu tukivutana macho.

Aliporudi kumtazama mkwe wake mara ya pili hakuwa na utani.

"Ule wa kwanza alikuwa nyeupe hivi," alisema. "Huku ndani ya mikono." Akajifuta viganja kwenye kikwembe. "Tunaenda. Lakini mi naenda pia, na sufuria yangu, na ndakala yangu. Sitaki mukono ya mutu mwingine kwenye chakula yake."

Tuliondoka alasiri ile ile, mtumbwi umejaa mpaka maji yakakaribia ukingo.

Daktari alikuja siku yake, gari limetapakaa matope hadi madirishani. Lilisukumwa sehemu tatu. Alileta kitabu kipya. Mwanamke wa Lweba alikuwa kati ya arobaini na hamsini. Kwa barabara ile daktari hakuthubutu kumbeba hadi Fizi. Aliacha sindano za dawa ya kuongeza damu, iliyotengenezwa kwa ini, na maagizo, akasema atarudi kumchukua barabara ikikauka. Halafu akauliza ni nani aliyeandika kwamba damu za Baraka zinapanda. Nikasema ni mimi. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga. Mpaka leo, miaka mitatu baadaye, sijui aliandika nini, na nimekwisha kubuni sentensi zote zinazowezekana.

Barabara haikukauka kwa wakati. Uchungu ulianza asubuhi moja mama mkwe akiwa anachambua ndakala barazani, na kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amezaliwa, msichana. Mkuu alikuwa ameandaa sindano ya kukaza kizazi, na safari hii ni yeye aliyechemsha mara mbili. Damu iliyotoka haikuwa nyingi. Nimeona wanawake wakipoteza mara mbili yake na kuomba chai. Yeye alikuwa wa kijivu mara moja. Aliomba maji, kisha akasahau kwamba ameomba. Tuliinua miguu ya kitanda kwa matofali. Mkuu akamchoma sindano, mama mkwe akasugua tumbo nilivyomwonyesha, kwa nguvu, akiliita jina la mkwe wake kama anamwita kutoka ziwani. Mimi nilishika mkono na kuhesabu mapigo. Nilipotea, nikaanza upya. Nilipotea tena. Mara ya tatu mapigo yalikuwa bado yanakimbia, lakini niliweza kuyafuata, na jasho lilikuwa limeacha kumtoka.

Akafungua macho.

"Yuko mukubwa?"

Nilikuwa nimemshika mtoto. Mwepesi. Viganja vyake havikuwa vyekundu kama vinavyotakiwa kuwa. Nikamweka kwenye mizani, kisha nikamwondoa, nikaweka hapo kwanza chupa tupu, kisha nikaiongeza lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja kamili, kwa sababu kama kitabu kilidanganya kwa nini mizani isidanganye? Mkuu alifunika uso. "Sasa mizani nayo." Mizani ilikuwa sawa. Mtoto alikuwa na kilo mbili na kitu kidogo sana.

"Ni mdogo," nikamwambia. "Lakini analia."

Akasikiliza kilio kama anakipima. "Ule hakulia," alisema.

Walikaa kwetu karibu mwezi. Mtoto alichoka kunyonya upesi, kwa hiyo tulikamua maziwa na kumpa kwa kijiko, na mama alichomwa sindano zake, akala sombe na ndakala za mama mkwe. Siku moja, nilipoingia ghafla, nilikuta kipande cha ini kwenye sahani yake. Mama mkwe alinitazama kwa ukali, nami nikajifanya sikuona kitu. Kila asubuhi nilipima mtoto. Namba ilishuka siku za kwanza, kama inavyoshuka kwa wote, na sikulala. Kisha ikasimama. Siku ya kumi na moja mshale wa mizani ukapita pale ulipoanzia. Nikampima tena. Nikamwinua mara ya tatu.

"Mamzele!" alifoka bibi yake kutoka mlangoni. "Mutoto si pamba ya sokoni! Mushushe!"

Wa Bibokoboko sikumpata. Nilituma habari kwa watu walioshuka na siagi, nikatuma tena. Wa kwanza alisema alimsikia, hana hakika. Wa pili alisema ni mwanamke mwingine. Kuna siku nikiona watu wa mlimani sokoni natazama migongo ya wanawake, kama kuna mtoto.

Siku ya kuondoka mwanamke wa Lweba alikuja chumbani kwangu, mtoto mgongoni.

"Vile vidonge yangu nilikurudishia, viko wapi?"

Nilifungua droo. Jani lilikuwa limekauka, likavunjika nilipolishika.

"Hukuwapa bengine?"

"Hapana."

Alikitoa kidonge kimoja kwenye vipande vya jani, akakimeza bila maji, akafungua mdomo nione kwamba kimekwenda. Vingine akavifunga kwenye ncha ya kikwembe. Nje, mama mkwe alikuwa amekwisha kubeba sufuria kichwani.

"Mamzele! Ile kitabu umeiweka wapi?"

"Ndani, mama. Kwenye giza."

"Imefungwa?"

"Imefungwa."

Waliposhuka ufukoni nilirudi kabatini kuangalia. Kilikuwa kimefungwa. Nilifika mlangoni, nikarudi tena.